Ufuo Uliokuwa Wetu Peke Yetu

Pangani, 12 Machi 1952

Kwa Shangazi yangu mpenzi, Bibi Biubwa binti Mwishehe, Dunda, Bagamoyo.

Shikamoo Shangazi, na shikamoo nyingine ya mume wangu Majaliwa, na nyingine mbili za wajukuu wako ambao wamenizunguka hapa, kila mmoja anataka jina lake liandikwe kabla ya la mwenzake. Sisi wazima, alhamdulillahi. Majaliwa yuko palepale kivukoni, anavusha watu na mizigo, na jioni anarudi na habari za dunia nzima, maana msafiri akishakaa kwenye pantoni hawezi kunyamaza. Ashatu ameng'oka jino la mbele, akalitupa juu ya paa, na sasa kila asubuhi anatoka nje kutazama kama jipya limeshuka. Mdogo wake, Adija, ameanza chuo. Alif ameimaliza, be inamshinda.

Na goti lako? Bado unalikanda kwa mafuta ya nyonyo, au umeshalichoka?

Shangazi, barua hii ina ombi. Wanangu hawalali siku hizi bila ya kisa cha Mbegani. Nimekisimulia mpaka nikiruka kitu wananirudisha: "Mama, hujasema pweza!" Basi narudi kwenye pweza. Nawaambia tulivyotoka nyumbani mimi nina miaka minane na Husseni mdogo wangu minne, wewe mbele na kikapu kichwani, Husseni mgongoni kwako, mimi nimebeba kuku anayenipiga mabawa usoni, tunakwenda shambani kwa babu, Mbegani, kuoga mwaka baharini. Mama alibaki mjini na homa. Nawaambia ulivyomwaga majivu yote ya zamani ukasema mwaka mpya hauingii kwenye moto mkuukuu, ukakaa chini ukapekecha vijiti mpaka viganja vikatoka malengelenge na moto mpya ukawaka. Ulituingiza majini jua halijatoka, unatusugua kwa majani, unapiga kelele kutushinda sisi. Tukala mkate wa kumimina, tukala pweza, tukala maembe mpaka utomvu ukatuwasha midomo. Tulidhani ni siku moja, zikawa nyingi. Na ufuo wote ulikuwa wetu peke yetu! Hapakuwa na mtu wa kutusukuma wala wa kututazama.

Lakini wanachokipenda zaidi ni ile asubuhi uliyotukimbiza mikadini, kwenye vile vichaka vya miiba. Ulituambia siku za mwaka mpya pepo wa pwani hupita akiwaita watoto kwa majina yao, tena kwa sauti ya mtu wanayempenda, na mtoto akiitika huchukuliwa. Atakayenyamaza mpaka pepo apite atapata kashata zote. Tukalala kifudifudi, miiba inatuchoma migongo, na kweli sauti ikapita ikituita. Husseni alifumbua mdomo, nikamziba kwa mkono. Hapo Ashatu hujifunika shuka gubigubi. Nikashinda mimi, nikapata kashata, nikampa Husseni moja kwa huruma.

Shangazi, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Hata yaliyotukuta tuliporudi, mama ameshaondoka zake bila ya kutuaga, hayakuifuta. Basi nataka mwaka huu nije na wanangu, tukae Mbegani katika banda lile lile la babu, na wewe utupekechee moto.

Nisisahau. Mchuuzi wa asali aitwaye Mohamedi alivuka kwa kivuko cha Majaliwa, akasema huko kwao Msata yuko mwanamke jina lake Chausiku, miguu imemvimba, anauliza kama binti wa Bwanausi wa Bagamoyo, yaani mimi, yu hai. Nikamwambia Majaliwa amjibu kwamba mama yangu ni Biubwa, na simjui mwingine.

Mwanao, Mwanamvua


Dunda, Bagamoyo, 4 Aprili 1952

Marahaba mwanangu Mwanamvua, marahaba Majaliwa, na wajukuu zangu marahaba nyingi hata ziwatoshe mpaka niwaone. Mwambie Ashatu jino la bibi yake nalo limetoka, lakini la bibi halitashuka tena hata akitazama paa mwaka mzima.

Mimi mzima wa kujikongoja. Goti ni lile lile. Mvua zimeanza kwa fujo, ukuta wa uani umelala chini, na fundi niliyemwita amekuja kuutazama, akatikisa kichwa, akanywa kahawa yangu, akaenda zake. Husseni alikuja mwezi uliopita kutoka Dar es Salaam. Kazi ya bandarini imempa mabega, lakini mke bado hana. Kila nikimtajia binti ya watu anaikumbuka safari yake ya kurudi. Nisaidie kumsema.

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kumbe yule kuku bado unamkumbuka! Mimi namkumbuka kwa ugumu wa nyama yake. Lakini mwanangu, Mbegani usiende. Banda limeanguka, mchwa wamekula nguzo zote, na njia yenyewe imeota nyasi. Na mambo ya kuoga mwaka siku hizi hayana watu. Masheikh wanayasema vibaya msikitini, na wenye kuyafanya wanafanya kwa aibu. Waleteni watoto hapa nyumbani. Nitawapikia hicho hicho, bahari ipo hapa chini, wataoga watakavyo. Kumbukumbu nzuri mtu huiacha ilipo, ukienda kuikagua utakuta magofu.

Huyo wa Msata umemjibu vema sana. Mtu aliyewaacha watoto wawili wadogo bila hata kuwaambia kwaheri, leo miguu ikimvimba ndipo anakumbuka kwamba alizaa? Mimi sikukuzaa, lakini surua ulipoumwa sikulala, na chuoni ulipofukuzwa kwa utundu ni mimi niliyekwenda kumwangukia mwalimu. Usijisumbue naye. Wala usimwandikie Husseni habari hizo. Ana kazi nyingi.

Nakuletea kanga moja kwa mkono wa mtu anayekuja huko. Ukiifua, ianike kivulini.

Shangazi yako, Biubwa


Pangani, 16 Mei 1952

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Kanga imefika, nimeivaa siku ile ile na majirani wameona wivu, ahsante sana. Sisi hatujambo isipokuwa Adija alishikwa na kikohozi, sasa amepona na kelele zimerudi. Majaliwa anakusalimu. Pole kwa ukuta. Husseni nimemwandikia kumsema habari ya mke, na nyingine sikumwandikia, kama ulivyotaka.

Shangazi, nina jambo dogo linalonichekesha, ila kicheko chenyewe hakitoki sawasawa, kwa hiyo nakuletea tucheke pamoja.

Mkwe wangu, Bi Zuleha, mama yake Majaliwa, ndiye anayewahesabia watu wa mtaa huu siku ya mwaka. Anaijua hesabu hiyo tangu kwa baba yake, na watu huja kumuuliza ni lini ili wajiandae kwenda pwani. Jioni moja alikuwa kwangu nikiwasimulia watoto Mbegani. Nilipofika kwenye ufuo uliokuwa wetu peke yetu akanikatiza.

"Mwanamvua, mwaka huo watu wa Bagamoyo walikufa wote?"

Nikamwuliza kwa nini.

"Siku ya mwaka, ufuo hauna hata pa kuweka kanga yako! Mji mzima uko majini. Nyinyi mlikuwa watatu, wenzenu walikuwa wapi?"

Nikamwambia Mbegani ni mbali na mjini. Akaniambia hata Mbegani kuna watu wa Mbegani. Kisha akauliza habari ya maembe. Siku ya mwaka inaingia wakati wa kipupwe, akasema, mwembe wakati huo hauna hata ua, na nyinyi mmekula mpaka midomo ikawasha? Akacheka sana. Nikacheka naye kwa adabu.

Lakini alipoondoka nikakaa nikakumbuka mengine. Nakumbuka mvua ilitunyeshea banda likavuja, ukaweka sufuria chini na Husseni akaipiga kama ngoma. Hiyo ni mvua ya vuli. Na nakumbuka miaka iliyofuata ulitupeleka kuoga mwaka hapo mjini, nikakanyagwa kidole kwa wingi wa watu, ukucha ukatoka. Siku zote mbili ninazo kichwani, na sijawahi hata mara moja kuzikutanisha. Mtu mzima, mwenye watoto! Nimejishangaa.

Basi ile haikuwa siku ya mwaka. Sina ugomvi, Shangazi. Nataka kujua tu ilikuwa siku gani, na kwa nini ulipekecha moto mpaka ukaumia mikono kwa mwaka ambao haukuwa unaingia. Nakuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza. Baba amekufa, Husseni alikuwa mdogo.

Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Mwanao, Mwanamvua


Dunda, Bagamoyo, 8 Julai 1952

Mwanangu Mwanamvua, marahaba. Barua yako ilichelewa, na mimi nikachelewa, kwanza homa, kisha daraja la Wami watu walisema halipitiki, kisha sikuwa na wino. Majaliwa na watoto nawasalimu. Ukuta haujajengwa.

Mkwe wako nimemsikia. Mwambie kila mji na hesabu zake, ahesabu za Pangani atuachie za Bagamoyo. Maembe, maembe! Ulikuwa mtoto, umechanganya siku hii na ile, pengine maembe ulikula mahali pengine. Mvua hunyesha hata kipupwe. Na kama haikuwa siku ya mwaka, basi ilikuwa siku njema, mlikula mkashiba mkacheka, nani aliumia? Mtu akishafanyiwa wema hakai akiugeuza nyuma na mbele kutafuta mshono ulipo.

Wala usiwasikilize watu wa Msata wakikuambia kwamba yule mwanamke alitufuata Mbegani. Hakuna aliyetufuata. Watu wa bara wana maneno.

Nimechoka. Msije mwezi huu, nyumba haina ukuta.

Biubwa


Msata, 3 Agosti 1952

Shangazi, shikamoo.

Hali yangu si nzuri, sitaki kukudanganya. Watoto nimewaacha na Bi Zuleha, wazima. Majaliwa ndiye aliyenivusha na kuniombea nafasi kwenye lori.

Barua yako niliisoma nikiwa nasonga ugali, nikasoma mpaka mahali uliposema hakuna aliyetufuata Mbegani. Nikauacha mwiko. Nani alikuambia kwamba mtu alitufuata? Mimi sikuandika hivyo. Yule mchuuzi hakusema hivyo. Nilikuuliza maembe, ukanijibu kitu ambacho sikukuuliza. Ugali ukaungua, watoto wakalala na maziwa.

Nimekaa hapa Msata siku kadhaa. Mama yangu yu hai. Anakaa kwenye nyumba ya udongo nyuma ya kituo cha malori, na wapwa zake, na miguu yake imevimba hata viatu haviingii. Nilipopiga hodi aliniambia, "Karibu, mgeni." Alikuwa ameshajua ni mimi, pua yangu ni ya baba, lakini aliniita mgeni na akaagiza niletewe kigoda. Ndivyo nilivyokaa mbele yake, kwenye kigoda cha wageni.

Sikumsalimia vizuri hata. Nilimwuliza, "Kwa nini ulituacha?"

Akasema, "Mimi niliwaacha? Haya. Nitakuambia nilivyofanya, kisha na wewe uniambie mlivyofanya."

Akasema asubuhi tuliyotoka na kuku ndipo baba alipompa talaka yake, nasi tulikuwa hatujafika hata Kaole. Homa hakuwa nayo. Hakugombana. Alisema, "Talaka ni ya mwanamume, mimi niligombania nini? Nilitaka mwanangu mdogo tu, kisheria alikuwa bado wangu mpaka akue. Na wewe nilitaka nikuage." Akaambiwa watoto hawapo na hawajulikani walipo. Akazunguka mjini kote akiuliza. Mwanamke anayeuza samaki akamnong'oneza: wako Mbegani kwa wifi yako. Akaja kwa miguu.

Akasema, "Nilikuta moto unawaka na chungu juu yake. Nikaona nyayo zenu mchangani, zako na za Husseni, zinaingia mikadini hazitoki. Nikajua mmo humo. Ningeweza kuingia nikawatoa. Sikutaka kuwakamata kama kuku wa watu. Nilitaka mje wenyewe. Nikawaita. Nikaita mpaka sauti ikakatika. Mtoto wa miaka minane anaijua sauti ya mama yake, Mwanamvua. Asipoitika, amekataa. Nikageuka nikarudi kwetu, na sikumlaumu mtu."

Shangazi, wanangu nimewasimulia kisa kile mara nyingi, na siku zote nilisema sauti ikapita. Sikuwahi kusema ilikuwa sauti ya nani. Nilijua. Nilijua tangu nimelala pale chini kwamba ni sauti ya mama yangu, na ndiyo maana niliogopa mpaka nikajikojolea, kwa sababu ulishaniambia pepo atakuja na sauti ile ile. Ulinipa maneno yako kwanza, kisha ukamwacha mama yangu apite. Tuliporudi nyumbani na mama hayupo, nilifikiri pepo ndiye aliyemchukua badala yetu. Nililibeba hilo miaka, peke yangu, nikiwa kitandani mwako, na wewe unanipapasa mgongo.

Nikamwambia mama. Nikamwambia pepo, na kashata, na miiba. Akasema, "Mimi? Mimi ndiye pepo?" Akajigusa kifuani hivi, kama mtu anayeulizwa jina lake. Akauliza, "Na Husseni?" Nikamwambia Husseni alitaka kuitika, nikamziba mdomo. Hapo ndipo alipolia. Si kwa ajili yangu. Alilia kwa ajili ya Husseni, kwamba mmoja alitaka. Na mimi nilikuwa pale kwenye kigoda nautazama mkono wangu.

Umenisaliti, Shangazi. Nalitafuta neno jingine la kumwandikia mtu aliyenilea na silipati. Ungeniambia mama amepewa talaka, ningelia siku tatu nikanyamaza, watoto wangapi wa Dunda mama zao wamepewa talaka? Ungenipeleka pwani na kunificha tu, ningesema ni amri ya baba. Lakini ulinipa siku nzuri kuliko zote za maisha yangu na ukanificha ndani yake. Ulipekecha moto. Mikono yako ilitoka malengelenge kweli, niliyapaka mafuta mwenyewe. Nikikumbuka hivyo hasira zinanipanda zaidi. Sasa ile furaha niiweke wapi? Siwezi kuitupa, nilikuwamo. Siwezi kubaki nayo, mama alikuwa nje yake anaita.

Husseni nimemwandikia kila kitu. Hukuniachia nafasi ya kukuomba ruhusa.

Mwanamvua binti Chausiku


Dunda, Bagamoyo, 28 Oktoba 1952

Mwanamvua, marahaba, kama ulinisalimia kwa moyo.

Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika. Ukuta umejengwa. Mwembe wa uani umezaa sana, maembe yanaoza chini, hakuna wa kuyala. Husseni alikuja. Alisimama uani, hakuketi, akasema neno moja tu, "Kweli?", nikamwambia, "Wewe ulikuwa mtoto." Akachukua shati lake lililokuwa kwenye kamba akaondoka. Lilikuwa bado bichi.

Umeandika mengi. Mimi sitajibu yote. Talaka aliitoa kaka yangu, na mkewe alikuwa mtu wa bara, na watu wa nyumba ile hawakumtaka tangu siku ya kwanza, hukusikia maneno yao kwa kuwa nilikuwa naufunga mlango. Mimi niliachwa mara mbili kwa sababu ya tumbo lisilozaa. Nikapewa watoto wawili. Niliambiwa: wachukue uwatoe mjini mpaka huyu aondoke. Mtu aliyekuwa na nyumba kimya kama yangu ungemwambia nini? Nilitaka tu msilie. Kila nilichokifanya kule nilikifanya ili msilie. Na hamkulia. Hilo utalikataa?

Nilikuja Pangani. Hili hulijui, au unalijua. Wiki mbili zilizopita nilipanda lori na goti langu hili, nikavuka kivuko, Majaliwa hakuwa zamu. Nikauliza nyumba nikaonyeshwa. Nilikuwa na kikapu, ndani yake mkate wa kumimina na kashata za nazi, zile nyekundu.

Nikapiga hodi. Jikoni kulikuwa na moshi. Kandambili za watoto zilikuwa kizingitini, jozi mbili. Nikapiga hodi ya pili nikakuita jina. Nikapiga ya tatu. Sheria ni tatu, zikizidi ni kuwaudhi watu. Nikaweka kikapu pale chini nikageuka. Nilipokuwa naelekea kivukoni nilidhani nimesikia mtoto ananiita nyuma, nikasema ni masikio yangu ya uzeeni, sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nisimkute mtu.

Mwanangu, pengine mlikuwa kisimani. Pengine mlikuwa kwa mkwe wako na moto mliuacha. Watu huacha moto. Niandikie kwamba hamkuwapo. Maneno mawili tu, nitayaamini, wala sitamwuliza mtu mwingine.

Biubwa


Pangani, 15 Novemba 1952

Shangazi, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mama yangu tumemleta hapa, Husseni ndiye aliyembeba kutoka kwenye lori mpaka ndani. Miguu imeanza kushuka. Bi Zuleha anamwambia siku ya mwaka ikifika atamwingiza majini hata kwa kiti, na wanabishana kutwa.

Tulikuwapo.

Nilikuwa jikoni na watoto. Uliposema hodi ya kwanza nilikujua. Uliponiita jina Ashatu akaruka, akasema, "Mama, Bi..." na kabla hajamaliza mkono wangu ulikuwa mdomoni mwake. Sikuutuma, ulikwenda wenyewe, mkono ule ule. Ulipopiga ya tatu nikahisi lile jino lake jipya kwenye kiganja changu, limeshuka nusu. Nikautoa.

Sikumwambia ni pepo. Nilimwambia, "Ndiyo, ni bibi yako. Anatuita. Mimi nimemkasirikia na sitaki kumfungulia. Wewe ukitaka, itika." Akanitazama kama anayetaka kuhakikisha, kisha akatoka mbio bila ya kandambili. Ulikuwa umeshafika mbali. Akakimbia mpaka kwenye kona akikuita, akarudi akilia, akaniambia Bibi hageuki. Nikamwambia pengine hakusikia.

Kashata wamezila. Niliacha wazile.

Hayakuwa masikio yako, Shangazi. Alikuwa Ashatu. Na kila siku ananiuliza lini utarudi, ili siku hiyo akae mlangoni mapema. Yeye anakuita. Mimi bado.

Mwanamvua